Goli Lililolambwa na Ng'ombe

Rhotia,
11 Julai 1983

Mdogo wangu Boazi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni juu ya debe, maana kuni ni mbichi na jikoni hakukaliki kwa moshi. Sisi wote wazima. Ester amepanda darasa la sita na anakusalimu, anauliza kama huko kwenu watoto wanaandika wamevaa mablanketi. Mjomba Clemensi mguu umepungua uvimbe, sasa anafika kanisani mwenyewe bila kushikwa. Doa amezaa ndama jike, mwenye doa jeupe pale pale kwenye paji kama mama yake. Alichagua kuzaa asubuhi ya Saba Saba, na ndiyo sababu hukuniona kwenye lori la timu. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Habari ya Mbulu ni kwamba Mzee Hhando amekubali kutupokea Jumapili ya pili ya Oktoba tuje kukuposea Valeria. Nitakwenda na Mjomba, na nitakaa mahali pa mama yetu kama tulivyopanga. Nimeshaagiza asali ya pombe.

Sasa nisikilize, maana tangu Alhamisi sijalala vizuri.

Nyundo wamefungwa. Timu yangu niliyoishonea namba mgongoni kwa mkono wangu, timu ambayo jezi zake nafua kila Jumatatu kwa majivu kwa kuwa sabuni haipatikani dukani, imerudi kutoka kwenu Nainokanoka imefungwa moja bila, na mpira mpya wa ngozi uliokuwa zawadi umebaki huko. Unaujua mpira wetu. Nimeushona kwa uzi wa magunia mara saba, ukipigwa juu haujui urudi upande gani. Vijana walikuwa wameshaanza kuuota ule mpya.

Kufungwa kwenyewe ningevumilia. Lakini wote wanasema kwamba zikiwa zimebaki dakika mbili Bartolomeo, yule kibarua wa Singida mwenye miguu ya upinde, alipiga shuti likagonga mwamba kwa chini likaangukia ndani. Ndani, Boazi. Refa, Bwana Xavery kutoka Karatu mjini, akasimama kama mtu aliyesahau alikotoka, akaenda kumwuliza mshika kibendera. Huyo naye akasema mpira haujavuka mstari. Mstari upi? Vijana wanaapa kwamba kwenye goli lile hapakuwa na mstari kabisa, ng'ombe walikuwa wameulamba wakati wa mapumziko. Mtu anakataaje goli kwa mstari usiokuwepo?

Refa namsamehe, yeye ni mtu wa mjini na anavaa miwani. Huyo mshika kibendera ndiye ninayemtaka. Kila nikiuliza ni nani, vijana wanasema ni mtu wa huko huko, hawamjui. Nataka kujua alilelewa na nani mtu kama huyo, wa kuwatazama usoni vijana waliotoka mbali na kuwanyima haki yao. Aliyemlea aone haya.

Uwanja ni wa shule yako, lazima ulikuwepo. Niandikie jina lake.

Dada yako,
Paskalina


Nainokanoka,
2 Agosti 1983

Kwa Dada Paskalina,

Shikamoo dada. Barua yako nimeipata juzi, ilikaa kwa dereva wa lori la viazi hadi alipokumbuka kwamba anayo. Nimefurahi kusikia kuhusu ndama wa Doa. Mpe Mjomba Clemensi shikamoo yangu, na umwambie asiache kuukanda mguu ule kwa mafuta ya kondoo ya moto.

Huku mimi ni mzima. Baridi ni kali mwaka huu. Ukungu unashuka saa tisa mchana na hautoki mpaka kesho yake saa nne, watoto wanasoma wakiwa wameshikana mikono. Mwambie Ester kwamba mablanketi ni kweli, na hata mwalimu analo la kwake. Bati la darasa la tatu lilipeperushwa na upepo tukalikuta kwenye boma la Meitamei, ndama wamelilalia. Viazi vimestawi. Mkuu wa shule anaomba uhamisho kila mwezi na kila mwezi hajibiwi.

Kuhusu Mbulu nashukuru sana, dada. Sina maneno. Valeria ameniandikia kwamba baba yake ni mtu wa maswali mengi, hasa kuhusu tabia. Najua utamjibu vizuri.

Mambo ya mpira yameshapita. Vijana wa Nyundo walicheza vizuri, hilo nalisema mimi niliyewaona. Sasa ni wakati wa kuwatia moyo kwa mwaka ujao.

Ndimi mdogo wako,
Boazi


Rhotia,
10 Agosti 1983

Boazi,

Sisi wazima. Ndama naye mzima.

Umeniandikia ukurasa mzima wa baridi. Baridi ya Nainokanoka naijua, nilikuja kukuletea godoro ulipoanza kazi na nikarudi na kikohozi cha wiki tatu. Nilikuuliza jina la mtu mmoja. Umenitajia Meitamei, mkuu wa shule na dereva wa viazi, na huyo niliyemuulizia hukumtaja.

Jambo limekuwa kubwa. Katibu wa timu ameandika barua ya malalamiko kwa kamati ya michezo ya wilaya, kurasa mbili, na mimi nimetia sahihi kama mlezi wa timu. Tunataka mechi irudiwe. Wamebakiza nafasi ya jina la mshika kibendera, maana barua isiyo na jina la mtu watu wa ofisini huwekea kikombe cha chai. Nimewaambia wasihangaike, mdogo wangu ni mwalimu pale pale, ataniletea jina.

Lakini kuna kitu kinaniudhi. Nilipowaambia hivyo, Wilibrodi kapteni aliinama akaanza kufunga kamba za viatu. Hakuwa amevaa viatu, vilikuwa mkononi. Bartolomeo ambaye kawaida hanyamazi hata padre akihubiri, aliondoka akasema anakwenda kufunga mbuzi. Bartolomeo hana mbuzi. Nimemkamata Wilibrodi peke yake baada ya misa nikamwuliza mnanificha nini. Akasema, Mama Ester, wewe mwulize mwalimu.

Basi nakuuliza wewe mwalimu. Kama mnamwogopa kwa kuwa ni mkubwa fulani, niambie tu, mimi simwogopi. Nimekulea tangu ukiwa na miaka minne, mama alipofariki, hukuwahi kunificha kitu isipokuwa mara ile ya yai la kuku wa jirani. Usianze leo.

Paskalina


Nainokanoka,
27 Agosti 1983

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wote hapo ni wazima. Hapa hakuna mgonjwa.

Nimeanza barua hii mara nne na kuichana. Mshika kibendera alikuwa ni mimi.

Watu wa huku walinitaka kwa sababu ni mwalimu wao, na Nyundo wakanikubali kwa sababu ni mtoto wa Rhotia. Wilibrodi mwenyewe ndiye aliyesema, mwekeni Mwalimu Boazi, huyo wetu sote. Nilikubali kwa fahari. Nadhani vijana wamekuficha kwa kuwa wanakuheshimu na kukuogopa, usiwakaripie.

Nikueleze kila kitu tangu mwanzo, na kosa langu ni la kwanza. Chokaa ya kuchorea uwanja haikupatikana, Karatu yote hakuna. Unga huwezi kumwaga chini mwaka kama huu, na mvua za usiku zilikuwa zimegeuza majivu kuwa tope. Nikaona magunia ya magadi ambayo wenyeji huwaletea mifugo yao kwa punda. Ni meupe. Nikaomba gunia moja, nikayatwanga, nikachora uwanja mzima asubuhi ya Saba Saba. Ulipendeza kweli. Dada, mimi niliyezaliwa kwenye nyumba yenye zizi ndani, niliyekuwa nikitumwa na wewe kumpelekea Doa wa kwanza magadi kwenye kiganja, sikukumbuka kwamba ng'ombe wanayapenda kuliko majani. Nilikuwa nawaza pembe za nyuzi tisini.

Wakati wa mapumziko ukungu ukaanguka. Refa akaziingiza timu zote mbili darasani tusubiri. Tulikaa karibu saa nzima. Ukungu ulipopanda tulikuta ng'ombe wa Meitamei wapo uwanjani, wametoka kunywa maji, wamejipanga kwenye mstari wa goli la kaskazini kama wanafunzi kwenye foleni ya uji. Walilamba mstari wote, kutoka nguzo hadi nguzo, na sehemu kubwa ya pembeni. Kisioki, kijana wa Meitamei, aliwafukuza akicheka. Refa akasema tuendelee, giza linakuja. Kipindi cha pili Nyundo walikuwa wanashambulia goli hilo.

Shuti la Bartolomeo ni kweli liligonga mwamba kwa chini na kuanguka. Kipa akaudaka. Bwana Xavery akanijia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hapa mimi sioni mstari wowote. Wewe umeona nini?"

Dada, naapa kwa kaburi la mama, mstari nilikuwa nauona. Ng'ombe wakilamba magadi hawaachi majani. Wanakwangua. Pale palipokuwa na mstari palibaki ukanda mwembamba, majani yamenyolewa mpaka kwenye udongo, umelowa mate, na kushoto na kulia kwake majani yamesimama. Mtu wa mjini haoni. Mimi niliona kama ninavyoona herufi ubaoni. Na kwenye udongo ule uliolowa mpira uliacha alama yake ya mviringo. Nilikwenda nikainama. Nusu ya alama ilikuwa juu ya ukanda, nusu nyingine ndani. Haukuvuka wote, na sheria inataka uvuke wote.

Nikawaangalia Nyundo. Niliona namba ulizoshona, ile saba yenye mguu mfupi. Nilijua kwamba nikinyoosha mkono tu kuelekea katikati ya uwanja, mechi ni sare, na hakuna mtu yeyote duniani angeweza kunibishia, kwa sababu mstari nilikuwa nauona mimi peke yangu. Nikamwambia refa, "Haukuvuka." Bartolomeo aliniangalia, akageuka akarudi mahali pake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Uliuliza mtu kama huyo alilelewa na nani. Nilisoma maneno hayo nikashindwa kuendelea na barua, ndiyo maana nikaandika habari za baridi.

Jina la kujaza kwenye nafasi ile ni Boazi. Lijaze, dada, ni haki ya timu kulalamika. Sitakana. Lakini wakija kuniuliza nitawajibu hivi hivi nilivyokujibu wewe.

Kuhusu Oktoba, nitaelewa chochote utakachoamua.

Mdogo wako,
Boazi


Nainokanoka,
24 Septemba 1983

Dada,

Shikamoo. Imepita karibu mwezi na sijapata jibu. Nimemwuliza dereva wa viazi mara tatu, amegeuza hadi mifuko ya koti kunionyesha.

Nimesikia kwa mpita njia kwamba ndama wa Doa ameanza kula majani. Pia nimesikia kwamba Rhotia watu wanasema mtoto wao amewauza kwa ajili ya viazi vya Nainokanoka. Kama wanakusema wewe kwa sababu yangu, hilo ndilo ninaloomba radhi. Kwa nilichosema uwanjani siwezi kuomba radhi, nimejaribu kuandika hivyo na mkono umekataa.

Jumapili ya pili ya Oktoba ni tarehe tisa. Mama hayupo, na mtu mwingine wa kukaa mahali pake sina. Kama huwezi, niambie nimwandikie Mzee Hhando mapema, asikae bure na watu wake akitusubiri.

Boazi


Rhotia,
16 Oktoba 1983

Mdogo wangu,

Sisi wote wazima, na Mjomba Clemensi amerudi kutoka Mbulu kwa miguu yake mwenyewe isipokuwa pale mtoni. Kaa chini usome.

Nilikasirika na wewe, Boazi. Sitakudanganya. Barua yako ya Agosti niliisoma nikaitupa chini, nikaiokota, nikaiweka ndani ya debe la mahindi nisiione. Nililia pia, na nilipolia sikujua nalia kwa ajili ya timu au kwa ajili yako au kwa sababu nilikuwa nimemtukana mlezi wa mtu bila kujua kwamba nasimama mbele ya kioo. Katibu alikuja kuuliza kama alijaze jina ambalo watu walikuwa wameshaanza kulinong'ona. Nikamwambia asubiri. Wiki tatu alisubiri.

Nikasema moyoni, huyu kijana ni msomi, ameniandikia hadithi nzuri ya ukanda wa mate. Labda ni kweli, labda alikuwa anaogopa watu anaoishi nao. Nitajuaje? Basi nikachukua magadi niliyokuwa nimenunua ya kupikia maharage. Nikayatwanga. Nikaenda pale nyuma ya nyumba kwenye majani, nikachora mstari kwa kamba, upana wa kiganja, urefu wa hatua tano. Ester akadhani nimerukwa na akili. Kisha nikamfungulia Doa.

Doa hakuinua kichwa mpaka alipofika mwisho. Alilamba hatua tano zote kwa ulimi ule wa msasa. Nilipomrudisha zizini nikapiga magoti. Ukanda ulikuwepo. Umenyooka, umenyolewa, umelowa. Kwenye ukingo wake majani yamesimama kama ulivyosema. Nikapitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho na hakikupotea njia.

Nikatuma mtu awaite Wilibrodi na Bartolomeo, na katibu na barua yake. Walikuja wakiwa wamejiandaa kugombezwa, na kwa kuwa walinificha miezi miwili niliwagombeza kwanza, kazi ile ikaisha. Halafu nikawaonyesha. Wilibrodi akasema yeye haoni kitu, ni majani tu. Nikamwambia ainame. Bartolomeo aliinama kabla ya kuambiwa. Nilichukua mpira wetu wa mishono saba, nikaulowesha, nikauangusha ukingoni mwa ukanda, nao ukaacha alama yake. Nusu huku, nusu kule.

Bartolomeo akaigusa alama ile kwa kidole. Yeye ndiye aliyepiga lile shuti, yeye ndiye aliyekuwa na haki kuliko sisi wote ya kukasirika. Akasema, "Mama Ester, mstari upo. Siku ile niliuona mpira, chini sikutazama."

Wilibrodi naye akainama. Katibu akauliza sasa barua afanye nini. Nikamwambia anipe. Kuni zangu bado ni mbichi, ziliwaka vizuri sana kwa kurasa zile mbili.

Wapo ambao bado wanasema uliwauza. Mmoja alisema kisimani nikiwa nasikia. Nilimwalika aje aone mstari wa Doa, akasema ana haraka. Sasa kila anayelalamika namwalika. Doa amenenepa kwa magadi.

Sikukujibu barua ya Septemba kwa sababu nilitaka kwanza nimalize safari, nisikuahidi kitu mdomoni. Sasa nakueleza Mbulu.

Tulifika na asali yetu, wakatupokea vizuri. Mama yake Valeria ni mpole. Mzee Hhando ni kama ulivyosema, anauliza mpaka unatamani maji. Ameuliza ukoo, ameuliza shamba, ameuliza kama unakunywa. Mjomba akamjibu. Kisha akamwita mtoto wake wa kiume, wakanong'ona. Nikaona kuna neno. Akasema wamesikia habari kutoka Karatu kuhusu mwalimu mmoja wa Nainokanoka, mtu wa Rhotia, aliyewanyima ndugu zake goli siku ya Saba Saba. Akauliza kama ndiye huyu.

Mjomba Clemensi akanitazama. Najua alitaka niseme hapana, au niseme maneno ya kuzunguka. Nikamwambia Mzee Hhando ndiye. Nikamsimulia yote, magadi, ukungu, ng'ombe wa Meitamei, alama ya mpira. Nikamwambia kwamba angeweza kudanganya na asijulikane mpaka kiama, na kwamba timu aliyoikatalia ni yangu, jezi zile nazifua mimi. Nikamwambia, siku binti yako atakapotaka kujua kama mume wake amesema kweli, hatahitaji kutafuta shahidi.

Hili nakuambia wewe tu. Fahari niliyokuwa nayo pale, Boazi, hata kama Nyundo wangerudi na mipira kumi ya ngozi nisingeipata.

Mzee mwenyewe ni mfugaji, ng'ombe kumi na wanane. Akasema ni kweli, ng'ombe akilamba magadi anaacha njia. Akageuka kwa mtoto wake akasema, "Unaona, nilikuambia." Kumbe walikuwa wamebishana juu ya jambo hilo tangu Agosti.

Wamekubali. Wanataka harusi baada ya Pasaka. Valeria alitoka na kibuyu mwenyewe, akaniinamia.

Usidhani nimekusamehe kuhusu mpira mpya. Waambie Nainokanoka wautunze, maana Saba Saba ijayo tunakuja kuuchukua, na safari hii nitapanda lori hata kama Doa anazaa mapacha. Ukikataa goli letu tena nitakutukana pembeni ya uwanja kama ninavyomtukana refa yeyote, kwa sauti, ni haki yangu kama mlezi wa timu. Kisha utanionyesha alama, nami nitainama nitazame.

Nimesahau jambo moja. Tulipokuwa tunaondoka, Mzee Hhando alitusindikiza mpaka barabarani. Akasema swali lake la mwisho ni dogo tu. Amesikia mama yetu alifariki zamani. Basi huyu mshika kibendera alilelewa na nani?

Nikaweka kikapu chini ili nimjibu vizuri. Nikamwambia, "Na mimi."

Dada yako,
Paskalina